Ninalipa Ada Kurudisha Sarafu Zisizo na Kasoro

Admin, nifichie jina, maana Kitale ni ndogo na midomo ni mingi. Mimi ni mama wa miaka hamsini na tisa, mjane, nilistaafu ukarani. Kijana wangu mmoja yuko Nairobi. Pesa anatuma kwa simu bila kukosa, lakini sauti yake siisikii. Nikimpigia, ati "Mum, niko kwa mkutano." Nimezoea kula nikiangalia ukuta.

Mwaka jana, nikiwa saiba, kwenye duka la intaneti, niliona tangazo la kijana wa Bungoma anayeuza sarafu za zamani kwa mtandao. Kulikuwa na zile senti za wakoloni zenye tundu katikati, kama zile nyanya yangu kule Sirisia alikuwa amezitunga kwa uzi. Nikaagiza moja. Ikaletwa na gari la parseli, nyeusi tititi. Sasa mimi, mwanamke wa Kibukusu, nikae na kitu kichafu kwa nyumba? Nikaisugua kwa majivu na ndimu kama sufuria mpaka ikang'aa. Halafu sikuipenda tena, ilifanana na washa ya bolti, kile kipete cha chuma. Nikairudisha.

Yule kijana wa sarafu akapiga simu. "Mama, umeniua. Sarafu ya zamani haioshwi, huo weusi ndio watu wananunua." Nikamwambia kwetu kitu kichafu kinaoshwa. Akacheka, na mimi nikacheka. Akanieleza kwamba kila inayorudi anakata ada, kwa sababu lazima aikague kwa lenzi aone kama haijaharibiwa au kubadilishwa. Kisha akauliza, bila haraka, "Na huko mvua imenyesha? Umekula?" Jamani, hilo la kula sikuwa nimeulizwa tangu tumzike baba watoto. Nilikata simu nikalia.

Basi nikanunua nyingine. Hiyo sikuiosha. Nilikaa nayo kidogo, nikairudisha, nikalipa ada, naye akapiga kuuliza ina kasoro gani. Nikatunga kasoro. Tukaongea habari ya mahindi, tukaongea habari ya mamake anayeumwa na mgongo. Nimeendelea hivyo hadi watu wa parseli wananicheka.

Juzi alipiga akiwa mpole sana. "Mama, naona kama nakula pesa yako bure. Sarafu zangu huzipendi. Nimeamua nisikuuzie tena, na zile ada nitakurudishia." Si huyo ni mtoto mwaminifu? Lakini nilikasirika kama ameniibia. Nikasema tu, "Sawa."

Ada amerudisha zote, na hajapiga tena. Nikimwambia ukweli, ataona mimi ni mama anayewinda vijana, ama ataanza kunihurumia, na huruma siitaki. Nikinyamaza, ndio basi. Ndugu zangu, nishaurini. Nashika simu naiweka, maana sijui unampigiaje mtu na huna kitu cha kurudisha.