Ng'ombe Jike, Ngano Dume

Nilikuwa karani wa stoo ya vipuri katika shamba la ngano la serikali, upande wa Basotu. Siku moja meneja aliniita ofisini, akaniambia wageni wanaosema Kihispania watakuja baada ya miezi miwili, na mkalimani ni mimi.

"Sijui Kihispania, Ndugu Meneja."

"Na Kiingereza ulizaliwa nacho? Kajifunze."

Ndivyo alivyokuwa. Trekta likiishiwa dizeli, dereva aliandikiwa barua ya onyo.

Basi kila Jumapili nikawa napanda lori hadi Dongobesh, kwa sista mmoja Mhispania aliyehudumia wagonjwa zahanati. Alinifundisha kwa vitu vya pale pale: ndoo, jiko, mbuzi. Akasema kila kitu lazima kiwe cha kike au cha kiume. Ng'ombe, *la vaca*, jike. Ngano, *el trigo*, dume. Nilipomweleza mama, aliacha kukamua.

"Ngano dume? Nani aliifunua akaona?"

Kisha sista akataka nimsimulie hadithi ya kwetu. Nikachagua ya fisi na sungura. *La hiena tiene hambre*, fisi ana njaa. *La hiena entra en la casa del conejo*, fisi anaingia nyumbani kwa sungura. *La hiena dice: la casa es mía*, fisi anasema nyumba ni yangu. Niliirudia hata nikipanga boliti, mpaka wenzangu wa stoo wakaniita Bwana Fisi.

Wageni wakaja, watano, wakasimamishwa kando ya shamba. Meneja akahutubia robo saa nzima: maendeleo, mashine, ardhi iliyokaa bure sasa ina faida, wananchi wanafurahi. Akanigeukia. "Tafsiri."

Kichwani mwangu hamkuwa na maendeleo wala mashine. Mlikuwa na fisi. Nikamtoa mzima, polepole, kwa sauti ya mtu anayesoma bajeti. Wageni wakatazamana. Mmoja, mwenye mvi, akauliza, "*¿Y quién es el conejo?*" Na sungura ni nani?

Hilo nililielewa vizuri mno. Nyuma yao alisimama mzee mfugaji na ng'ombe wake, akisubiri tuondoke awapeleke ziwani. Njia yao tulikuwa tumeilima. Kila alipokuja ofisini kulalamika, mimi ndiye niliyemrudisha. Nilimtazama tu yule mzee, na mgeni akageuka akamtazama.

"Anauliza nini?" meneja akasema.

"Mvua ya mwaka huu."

"Mwambie nzuri."

"*Buena*," nikasema.

Mgeni hakucheka. Alimwendea mzee, akampa mkono, akawasifu ng'ombe.

"Anasemaje?" mzee akaniuliza.

"Shikamoo mzee. Anasema ng'ombe wako ni wazuri."

"Marahaba. Mwambie wana kiu."

Njaa nilikuwa nimefundishwa. Kiu, bado. Mzee akaniangalia kama mtu aliyekwisha kunizoea.

Jioni meneja alinipongeza mbele ya wafanyakazi wote, kwa jinsi wageni walivyoguswa na hotuba yake. Mwezi uliofuata nikapandishwa cheo, nikawa afisa mapokezi. Njia ya ziwani ililimwa tena msimu ule, na ngano ikaota vizuri.