Zamu ya Babu Geti

Kila Jumapili watu humwita Babu Geti kwa upole kabisa, kisha humrushia funguo za magari yao. Amelinda geti la kanisa lile tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na miaka yote hiyo hajawahi kukaa ndani siku ya ibada. Binti yake alifunga ndoa mle mle. Yeye alikuwa nje, anaelekeza gari la bwana harusi lirudi nyuma kidogo.

Jumapili hii mjukuu wake wa kwanza alikuwa anabatizwa. Aliomba ruhusa mapema kwa mzee wa kanisa anayesimamia walinzi, mtu wa suti iliyonyooka na tabasamu lisilomgharimu kitu.

"Babu, ukiingia ndani nani ataangalia magari?"

"Si ibada nzima, mzee. Maji yakimgusa mtoto tu, natoka."

"Tutakuombea. Huduma yako iko hapo getini."

Huduma, eti. Neno zuri namna ile kutumika kumfungia mtu nje! Babu Geti alimeza hasira yake, akarudi kwenye kibanda chake.

Mahubiri yalimfikia kupitia spika iliyofungwa juu ya mlango. Mchungaji alikuwa anafundisha juu ya siku ya mapumziko. Alisema Mungu hakumpa siku hiyo bwana wa nyumba peke yake. Alimpa na mtumishi, na mgeni, hata ng'ombe, kwa sababu waliotolewa utumwani hawakutakiwa kuwageuza wenzao watumwa. Ndani wakaitikia amina kwa sauti moja, na yule mzee bila shaka akiwamo.

Babu Geti aliinua macho kwenye spika. Ng'ombe katajwa, alijisemea, na mimi ninayelinda mabati haya ya magari yao je?

Spika ikawaita wazazi walete mtoto mbele. Akalifunga geti, akaingia na sare yake na rungu lake, akanyoosha moja kwa moja hadi benchi la mbele alipoketi yule mzee. Akamwekea mzee rungu mapajani.

"Shika, mzee. Leo zamu yako."

Mzee alimtazama mchungaji, akitegemea kuokolewa. Mchungaji alikuwa amesimama na maji kiganjani, anasubiri. Mzee akainuka, akatoka na rungu.

Babu Geti akaketi pale pale, benchi likiwa bado na joto la mzee. Jina la mjukuu wake likatajwa, na kwa mara ya kwanza alisikia jambo la kanisa lile bila spika.