Watu wa Vitabu vya Kiarabu na Mdomo Wangu

Mimi riwaya sijasoma hata moja. Shule niliiacha darasa la tatu, Tanga, na sioni haya kusema, maana wengine waliosoma wakanipita leo wananiletea suruali niwapunguzie miguu. Nilifika Johannesburg na mkasi na anwani ya mtu ambaye alikuwa keshahama. Tulilala wanaume saba chumba kimoja, Joubert Park. Leo nina duka langu Mayfair, vyerehani vitatu, na kanzu zangu utazijua msikitini siku ya Ijumaa bila kuuliza nani kashona. Hayo nimeyafanya mwenyewe. Lakini hapa nataka kueleza habari za watu wa vitabuni, tena vitabu vya Kiarabu, na jinsi walivyoniudhi mwaka jana.

Jirani yangu wa duka ni Msudani, muuza manukato, mtu mzima kama mimi. Kiswahili alikiokota Nairobi, alikokaa kabla ya kuja huku. Husoma riwaya za siku hizi, za Cairo, za Beirut, za kwao Khartoum. Baada ya adhuhuri wateja wakipungua, huja na kiti chake na kitabu, akanisomea kwa kunifasiria, mimi napiga pindo. Kiarabu changu ni cha msahafuni tu. Ukinisemesha, nimekwisha.

Kitabu cha kwanza kilikuwa na mjane. Dada yake, aliyemsema vibaya mtaa mzima, anakuja siku moja, anakaa jikoni, neno la kuomba radhi halimtoki. Mjane haulizi kitu. Anampa kisu na vitunguu, akate. Dada anakata, analia, anakata. Sura imekwisha.

"Na msamaha je?" nikauliza.

"Ameshasamehe, ya usta." Usta kwao ni fundi.

"Wapi? Nisomee aliposema."

"Hakusema. Amempa vitunguu."

"Kampa kazi! Mgeni kaja, kapewa kazi."

Alicheka mpaka miwani ikamdondoka. "Wewe, wallahi, ni cherehani. Unakwenda mbele tu."

Kitabu kingine kilikuwa na baba ambaye mwanawe kafukuzwa kazi na hasemi. Kila asubuhi kijana anavaa, anabeba mkoba, anakwenda kukaa bustanini hadi jioni. Baba anajua, na miezi yote hiyo anampigia viatu rangi kila alfajiri, kimya. Mimi nikasema huyo baba mwoga, angemwuliza. Msudani akasema, "Akimwuliza, yule kijana atarudi nyumbani na nini?" Akanieleza kwamba jambo hilo siku hizi lina jina lake, linaitwa akili ya hisia, na waandishi wa Kiarabu wa sasa hupenda kuwapa akili hiyo watu wa chini: mfua nguo, bawabu, mzee asiyesoma. Wasomi waliomo kitabuni wanazungumza mno na hawaoni kitu.

Hapo nikasikiliza, maana mimi ni wa hao wa chini. Nikamwambia akili hiyo ninayo, sikuipata kitabuni. Futi yangu ya kupimia huniambia nani ana mimba kabla mumewe hajajua. Huniambia nani halali usingizi, nani kafiwa. Mwili haufichi inchi.

Msudani akafunga kitabu na kidole ndani. "Kujua unajua, ya usta. Hata wale wa humu wanajua. Wewe ukishajua unafanya nini?"

Nikainamia pindo langu. Nilijua anataja siku niliyomkosea binti yangu, maana naye alikuwapo dukani, ameketi palepale.

Siku yenyewe ilikuwa wiki mbili kabla ya Idi. Binti yangu aliyeolewa, anayekaa Bellevue na mumewe, alikuja nimpime upya gauni lake. Nilikwisha kumpima mwezi mmoja nyuma, nami nikagundua kwa futi kwamba ana mimba. Hakuna aliyeniambia. Nikanyamaza nikingoja waniletee habari, nikijiona bingwa.

Kazi yangu huwa hivi: napima, natamka kwa sauti, na mama mmoja wa Kikongo anayenishonea vifungo anaandika, maana mwandiko wangu ni wa polepole. Duka lilijaa. Wanawake wa Kisomali, wateja wa kanzu, Msudani na kiti chake.

"Kifua thelathini na sita," nikatamka. "Kiuno ishirini na tisa." Nikaitazama futi tena. "Mwezi uliopita kilikuwa thelathini na mbili. Tumbo limekwenda wapi?"

Nilitamka kama ninavyotamka mkono au bega.

Binti yangu aliitoa futi kiunoni mwake, akaikunja taratibu, akaiweka mezani. Akachukua kitambaa chake cha gauni. "Sharp, Baba," akasema, kama wasemavyo vijana wa huku wakiwa wamemaliza nawe, akatoka. Mama wa Kikongo alikuwa keshaandika ishirini na tisa. Akaitazama ile karatasi, akasema, "Papa, leo ulikosa."

Siku ya Idi mkwe alikuja peke yake, akatoa salamu akiwa mlangoni. Nikipiga simu, binti anasema yuko bize. Miezi minne ikapita. Mama yake ni marehemu, nami mtoto ninaye huyu mmoja. Niliona wazi kwamba nitampoteza akiwa hai, anakaa palepale Bellevue, mji mmoja na mimi.

Basi nikaamua kufanya kama watu wa vitabuni. Jumapili moja nikachukua koti kuukuu na viwembe viwili, nikaenda kwake, nikamwambia anisaidie kufumua bitana, kazi aliyokuwa akiifanya kwangu alipokuwa mdogo. Tukakaa tukafumua. Nusu saa. Saa nzima. Sikusema neno, na namna hiyo ya kukaa ilinichosha kuliko kushona kanzu kumi.

"Baba, umekuja kufanya nini?"

"Kufumua koti."

"Eish. Duka lote lile huna mtu wa kufumua?"

Nikamwambia ukweli, kwamba kuna vitabu vya yule Msudani ambamo watu hawaombani radhi kwa mdomo, wanapeana kazi.

Alinitazama, akacheka kidogo, kicheko kisicho kizuri. "Wewe hujanyamaza maisha yako yote, Baba. Siku ya kunyamaza ulisema mbele ya watu. Leo ndiyo nataka useme, unaniletea koti?"

Nikaweka wembe chini. "Nilikosa," nikasema. "Nilijua una mimba, nikajiona fundi wa mafundi. Jambo lako nikalitangaza dukani kama kipimo cha suruali. Nisamehe, mwanangu." Kisha nikauliza, "Ilikuwaje?"

Akanieleza. Kiswahili anakielewa chote, kukisema anakisema vipandevipande, kwa hiyo alianza nacho, kikamwishia, akaingia Kiingereza, akarudi. Alikuwa ndani ya teksi, imesimama kwenye robot nyekundu, ndizo taa za barabarani huku, maumivu yakaanza. Alikaa kwenye benchi la hospitali peke yake, kwa sababu mumewe ni mlinzi na hakukuwa na wa kushika lindo lake. Nesi alimwuliza swali lilelile mara tatu, mimba iliyotoka ilikuwa ya miezi mingapi. Siku ya tatu baada ya hapo ndipo alipokuja dukani kwangu.

"Gauni halikuwa na haja ya kupimwa tena," akasema. "Nilishindwa kukwambia kwa mdomo. Nikasema Baba akipima atajua mwenyewe. Atasubiri watu waondoke, atafunga mlango."

Alikuwa amenifikiria kuwa mtu wa namna hiyo, mwenye kujua na kungoja mlango ufungwe. Mimi nilikuwa na wateja.

Alikunja koti, akalitia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na viwembe, na alasiri ikaingia. Nikauliza kibla cha humo ndani, maana huu ulikuwa mwaka wa pili tangu aolewe na sikuwahi kuswali kwake. Akatandika mswala, akaugeuza kidogo uelekee kabatini.

"Hapo, Baba," akasema. "Ukimaliza utakula."