Nilivyokwenda Kumkagua Masudi

Baba yangu aliitwa Masudi, na maana yake ni mwenye heri, mtu aliyejaliwa bahati. Bahati hiyo sisi hatukuiona. Aliondoka Ujiji mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni, akaenda kuuza nguo na kununua samaki huko Ziwa Mweru, na hakurudi. Mama yangu, Salama, hakuolewa tena. Kila aliyekuja kuposa alijibiwa kwamba hapa pana mke wa mtu. Basi mwaka mmoja katika miaka hii ya sabini, mchuuzi wa Kimanyema akabisha hodi kwetu na furushi la samaki wakavu. Alisema, "Masudi wa Kilwa anamsalimu mkewe Salama na bintiye Zuhura. Anasema hajawasahau."

Kilwa hiyo si ile ya pwani. Ni kisiwa katikati ya Ziwa Mweru, upande wa Zambia.

Mama alikuwa hawezi kuinuka kitandani bila kushikwa, lakini siku ile alioga, akaomba hina. Mimi sikuomba kitu. Baba angekuwa hai angekuwa amekwisha pita miaka themanini. Mzee wa umri huo, aliyenyamaza maisha yangu yote, leo ndiyo anakumbuka kutuma samaki? Nikaona huyu ni tapeli tu, amesikia habari zetu kwa wasafiri na anaitamani nyumba yetu na michikichi yetu. Nikamwambia mama nakwenda kumwona baba. Moyoni nilikuwa nakwenda kumkagua.

Mama akanishika mkono. "Muulize neno moja tu. Mimi ni mke au mjane? Sitaki kufa sijui."

Niseme mapema kwamba jina la mtu halinidanganyi. Babu yangu mzaa mama alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, na watoto wengi wa mtaa wetu ni yeye aliyewachagulia majina. Nikiwa mdogo nilikaa karibu naye nikajifunza maana zake. Amini ni mwaminifu, Swadiki ni msema kweli, Karimu ni mtu wa kutoa. Kisha nikakua pamoja nao. Amini alituibia kuku. Swadiki alikuwa na wake wawili, na kila mmoja akidhani yuko peke yake. Karimu ukimwomba chumvi alikuuliza ile ya juzi umeipeleka wapi. Tangu hapo jina kwangu ni kama kibao cha duka, lazima niingie ndani nione rafu zina nini.

Kigoma nilipanda meli ya kwenda Mpulungu, bandari ya Zambia mwisho wa Ziwa Tanganyika. Afisa wa uhamiaji pale aliipindua pasipoti yangu mbele na nyuma. Kusini mwa nchi yao kulikuwa na vita, na kila mgeni alionekana jasusi. Aliniuliza nakwenda kwa nani. Nikasema kwa baba yangu. Akatazama mvi zangu, akatazama tena pasipoti, akauliza baba huyo ana umri gani. Nikamjibu kwamba hata mimi ndicho ninachokwenda kuulizia. Hakucheka. Alinikalisha kwenye benchi mpaka jua likageuka, ndipo akanigongea mhuri. Nilimchukia, lakini kusema kweli ningekuwa yeye ningefanya vilevile.

Kutoka hapo nilipata lori la chumvi lililopita Mporokoso na kuteremka Mununga. Mununga ndipo nilipoliona Ziwa Mweru mara ya kwanza. Maji yake ni meupe kidogo, si ya kijani kizito kama ya kwetu, na ufuo umetandazwa dagaa wanaowaita chisense, wamemwagwa mchangani kukauka. Harufu ile ilinifanya nione niko nyumbani, nami nikajionya nisizoee haraka. Msafiri akishajiona kwao, ndipo anapoibiwa.

Nchelenge nilifika mchana nimejaa vumbi. Bandarini nilielekezwa kwa mfanyabiashara Mkongomani, mwenye mtumbwi wa mbao wenye mashine, anayepeleka sabuni na vitenge kisiwani na kurudi na samaki. Mtu mnene, mcheshi. Ucheshi ukaniongezea mashaka. Nikamuuliza jina.

"Jina gani, maman? Ya zamani ao ya sasa?"

"Una mangapi?"

"Kwetu Zaire serikali ilisema majina ya bazungu yote iishe. Nililala Zozefu, asubuhi niko Kalenga. Bon, mi nafanya nini?"

"Na ukikamatwa, utakuwa nani?"

Akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Inategemea ni nani ananikamata!"

Nilipanda mtumbwi wake nikiwa nimekalia furushi langu la nguo. Njiani nilimwuliza kama anamjua Masudi wa Kilwa. Akasema anamjua sana, ni mutu muzuri, ana nyavu mbili na nguvu ya kuvuta. Mzee wa themanini ana nguvu ya kuvuta nyavu! Nilitaka nimfumanie mwenyewe.

Kisiwani tulipokelewa na kelele za watoto. Mwanamke mmoja alimwita Kadija, mwingine akamfokea Salimu, na mimi nikasimama majini hadi magotini nikishangaa. Khadija ni jina la mke wa Mtume, mama aliyeendesha misafara ya biashara. Salimu ni aliyesalimika. Majina ya kwetu haya, lakini sikuona msikiti. Niliona kanisa la matofali, na mbele yake chuma cha gurudumu la lori kimetundikwa mtini kuwa kengele.

Akaja mwanamume amevua shati, mikono ina magamba ya samaki. Hakufika hata miaka thelathini na mitano. Mwanangu wa kwanza ni mkubwa kwake. Alichuchumaa mbele yangu, akapiga makofi polepole kwa heshima, kama wanavyosalimia huko, akasema kwa lugha yao na kwa Kiswahili cha Zaire:

"Mwaiseni, mwana wandi. Karibu, mutoto yangu. Mi njo Masudi. Mi njo baba yako."

Damu ilinipanda. "Mtoto wako mimi? Mimi nina wajukuu! Huna haya?"

Watu wakasogea. Akatoka mtu mzima mwenye kofia, uso umekaza. Ndiye mzee wa kanisa, na ndiye aliyekuwa akikigonga kile chuma Jumapili. Hakunikaribisha. Aliniuliza, "Maman, unakuya kuchukua jina?"

Nikasema sijaja kuchukua jina la mtu, nimekuja kumjua mwizi wa jina la baba yangu. Kumbe na wao walikuwa wakinishuku mimi, kwamba nimekuja kumvua kijana wao jina. Mzee yule akaniketisha barazani kwake, akaniletea maji, na akanieleza huku akinitazama machoni kana kwamba nitakimbia na kikombe.

Baba alikufa. Ilikuwa mvua nyingi zilizopita, kwa homa, akiwa mzee. Mke aliyemwoa kisiwani alitangulia kufa, nao hawakupata mtoto. Kwa watu wa huko mtu akifa, jina lake haliachwi chini. Huchaguliwa mrithi, mpyani, kwa kawaida mpwa wake, akakalishwa kwenye mkeka wa marehemu na kukabidhiwa kikombe chake. Tangu siku hiyo yeye ndiye marehemu. Mke wa marehemu ni mkewe, watoto wa marehemu ni watoto wake hata wakiwa wamemzidi umri. Baba hakuwa na mpwa huko, kwa hiyo wazee walimchagua mtoto wa nyumba iliyompokea alipofika.

"Donc, Masudi hakukufa," akamaliza. "Masudi ni huyu."

"Na wewe unaitwa nani?"

"Bilali. Jina alinipa Masudi, ule wa kwanza. Batoto bengi hapa alibapa majina ya kwenu, juu ya upweke yake. Alisema Bilali alikuwa mutu wa kuita bantu bakuye kusali. Njo maana nilishika chuma ya kanisa."

Hapo hakukosea maana. Bilali, mtumwa aliyekuja kuwa mwadhini wa kwanza, sauti yake ikiwaita watu. Maisha yangu yote sikuwahi kumwona mtu aliyelichukulia jina lake kuwa kazi, na huyu analifanyia kazi kanisani.

Hata hivyo sikulainika. Hadithi nzuri ndiyo mlango wa utapeli. Nilimtaka kijana yule aliyejiita Masudi anitajie baba wa Masudi. Akasema Juma. Na babu? Feruzi. Akaongeza bila kuulizwa kwamba mimi nilizaliwa alfajiri, nyota ya Zuhura ikiwa juu ya ziwa, ndiyo sababu ya jina langu. Yote yalikuwa kweli. Lakini nikajiambia kwamba hata kasuku akifundishwa husema.

Asubuhi walinipeleka kaburini. Liko kwenye mwinuko nyuma ya kijiji, halina msalaba, limezungushiwa mawe. Nikamuuliza Bilali walimlaza vipi. Akasema baba mwenyewe aliwaambia kabla hajakata roho, ubavu wa kuume, uso ule upande. Akanyoosha mkono. Jua lilikuwa linachomoza kuume kwangu, nao mkono wake ulielekea kaskazini, ukiegemea kidogo upande wa jua. Hapakuwa na kosa. Wakristo wale walimlaza baba yangu kuelekea kibla, na hakuna aliyekuwapo kuwahimiza. Nilisoma Fatiha na nililia, na sioni aibu kuandika kwamba nililia kwa hasira. Alikuwa na pumzi ya kuwaelekeza kibla, sisi hakuwa na pumzi ya kututumia neno.

Tuliporudi kijana alikuwa ananingoja mlangoni. Nikaona nimmalize sasa hivi.

"Unasema wewe ni Masudi?"

"Ee mukwai. Njo mimi."

"Basi samaki si jibu. Ulimwacha mke na mtoto mchanga. Mke huyo amezeeka akikungoja, amewakataa wanaume kwa ajili yako. Kwa nini hukurudi?"

Nilijua atakavyojitoa. Angesema, mama, hayo si yangu, ni ya yule marehemu, mimi nilikuwa sijazaliwa. Na kweli alikuwa hajazaliwa. Nilikuwa nimekwisha kunoa ulimi wa kumwambia, ahaa, heshima ya baba unaitaka, lawama yake huitaki.

Kijana alikaa chini, kwenye udongo, akainamisha kichwa.

"Sina sababu," alisema. "Mbele nilisema nitauza nguo kwanza. Kisha nikasema mwaka kesho. Kila mwaka nilisema mwaka kesho, mpaka haya ikanikamata. Niliona, nitarudi na uso gani? Nilikosea bibi yangu, mama yako. Nilikosea weye. Naomba musamaha, mutoto yangu."

Akalala chali vumbini, akapiga makofi. Huko ndivyo mtu anavyojishusha mbele ya mkubwa. Mkewe alikuwa mlangoni anatazama, na Bilali, na watoto. Hakuna aliyecheka wala kumwambia inuka. Walikuwa wananitazama mimi.

 Nilimwuliza swali la mwisho kwa sauti ndogo, kwa sababu tabia haina dawa, "Na nyumba ya Ujiji, unaitaka?"

Alinyanyua kichwa kwa mshangao. "Nyumba? Si ya bibi yangu? Akae mule."

Nikamwambia inuka, baba. Neno lilinitoka lenyewe.

Safari ya kurudi haina mengi. Kalenga alinivusha, na nilipomlipa nilimuuliza jina lile la zamani alilipendaje. Hakucheka safari hii. Alisema mama yake bado anamwita Zozefu, lakini nyumbani tu, mlango ukiwa umefungwa. Lori, meli, na afisa yule yule wa Mpulungu, akaniuliza kama nimemwona baba. Nikasema nimemwona. Akauliza ana umri gani. Nikasema ni mdogo kwangu, na nikamwacha na mhuri wake mkononi.

Ujiji nilimkuta mama ameketi, hina imeanza kufifia. Nilimweleza yote kwa mpangilio niliowaeleza ninyi, sikumficha hata mke wa kisiwani. Sikumwambia kwamba jina humfanya mtu, maana Amini bado yuko mtaani kwetu na kuku wetu sijawaona. Nilimwambia tu kwamba nimemwona mtu aliyepewa jina na akakubali kubeba hata aibu zake.

Mama akauliza, "Aliomba radhi?"

"Aliomba."

"Hakusema ni kosa la mwingine?"

"Hakusema, mama. Alilala chini."

Akavuta kanga yake kichwani. "Basi Masudi aliye hai nimemsamehe. Nitafutie nguo nyeupe, huyu aliyekufa nimkalie eda."

Nikamwambia eda hiyo kisheria imekwisha pita zamani, baba ana miaka kaburini.

"Imepita," alisema mama, "lakini mimi sijaikaa."

Nilimtolea nguo nyeupe sandukuni, nikafunga dirisha la barabarani. Kisha nikashuka sokoni kumtafuta yule mchuuzi wa Kimanyema. Nilimkuta anafunga mizigo ya kurudi Mweru. Nilimpa dumu la mawese, na alipouliza aseme limetoka kwa nani, nikamjibu, "Mwambie baba, Zuhura amefika nyumbani."