Kikombe cha Toyi

Wadau, mshawahi kuona mtoto anapanga foleni ya uji wa shule na vikombe viwili?

Anakunywa kimoja. Cha pili hakigusi. Kengele ikilia anakibeba mpaka nyumbani, mdogo mdogo, usimwagike.

Mimi nimeona. Hapa hapa Murungu, Kibondo.

Naitwa Longinus, Muha wa Rungwe Mpya kule Kasulu, nafundisha hesabu. Lakini yaliyotokea yalimkuta Madam Loyce, jirani yangu nyumba za walimu. Kaniruhusu niyaseme.

Madam Loyce katokea Tukuyu. Mwalimu wa Kiingereza, mkali kama pilipili, lakini kazi anaijua, usibishe.

Siku hiyo darasa la tano anafundisha umoja na wingi, na namna ya kusema kitu ni cha nani. Cup, cups. Child, children. Watoto wanasema "childs", anawakatalia, wanacheka, somo linasonga.

Akamnyanyua binti wa dawati la mbele, Bukuru.

"Haya, tunga sentensi."

"I have two cups."

"Safi! Vyote vyako?"

"Hapana madam. Kimoja cha mdogo wangu, Toyi."

"Sema kwa Kiingereza."

"My sister's cup."

Madam akapiga makofi, darasa zima likafuata. Bukuru akakaa, akiacha nafasi pembeni yake kama kawaida. Hapo hakai mtu.

Mapumziko, uji ukaletwa. Fidele, mtoto wa darasa hilo hilo, kikombe chake kimepasuka. Madam akaangaza macho, akamuona Bukuru na viwili vyake.

"Huyo Toyi yuko darasa la ngapi?"

Bukuru akavivuta vikombe vyake kifuani.

"Yuko shule hii?"

"Hapana madam."

"Sasa mwenzako ashinde njaa kwa ajili ya mtu ambaye hayupo? Lete hapa."

Akakichukua kile cha njano, akampa Fidele. Hata wewe ungefanya hivyo, usijitie utakatifu.

Bukuru hakulia. Alimimina uji wake chini, akachukua begi, akaondoka.

Kesho hakuja. Kesho kutwa hakuja. Wiki ikakatika.

Madam akanifuata nikiwa nachambua maharage barazani. "Kaka Longinus, yule Bukuru ana nini?" Akanisimulia.

Nikauweka ungo chini.

"Mawe, mama yangu! Dada, wewe jina Bukuru hukuliuliza? Kwetu hilo ni la pacha aliyetangulia kuzaliwa. Anayemfuata ni Toyi. Ukisikia moja, lingine lipo."

"Na Toyi yuko wapi?"

"Homa ilimchukua mwaka juzi."

Madam akakaa chini, pale pale kwenye maganda.

Nikamweleza. Huku pacha hapewi kitu mwenzake akanyimwa. Na mmoja akiondoka, huku kwetu hatutamki kwamba amekufa, na mgao wake hatuukati, tunaogopa aliyebaki asije akamfuata. Bukuru aliambiwa Toyi yuko kwa bibi yao, kule Munanila. Mtaa mzima tunasema hivyo hivyo.

"Kwa hiyo mtoto anamsubiri?"

"Anamsubiri."

Alilia, jamani. Madam Loyce yule yule wa fimbo.

Jioni ile ile akakiomba kikombe kwa Fidele, akampa cha kwake mwenyewe, akashika njia ya mashambani.

Alimkuta Mama Bukuru mlangoni, Ernesta, mwanamke mwembamba, khanga kaifunga kiunoni. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye kazaliwa huku huku.

"Mwakeye, mama," Madam akajaribu salamu ya kwetu niliyomfundisha kabla hajaondoka. Kisha akapiga magoti, akakitoa kikombe kwa mikono miwili. "Nimekuja na cha Toyi. Nisamehe, sikujua."

Mama alikipokea, akakifuta kwa khanga, akampisha mlangoni aingie.

Bukuru alikuwa amelala mkekani. Kakonda, midomo imekauka. Zahanati walimpima, malaria hakuna. Ila chakula hali.

Mama akaenda jikoni kukoroga uji. Madam akainama.

"Bukuru mwanangu, Toyi atarudi, kikombe chake kipo."

Mtoto akatazama mlango kwanza. Halafu akanong'ona.

"Madam, Toyi harudi. Yuko pale kwenye migomba. Niliwasikia alfajiri wanachimba. Walidhani nimelala."

"Sasa kwa nini..."

"Mama asijue kama najua. Nikimchukulia Toyi uji, mama anafurahi, anapika. Siku niliyorudi na kikombe kimoja alilia mpaka akatapika. Usimwambie, madam."

Madam akaapa kwa Mungu wake.

Mama akaingia na vikombe viwili, mvuke unatoka. "Cha Bukuru. Na hiki cha mdogo wako."

Na mtoto akanywa. Chote.

Basi giza halijaingia, mama akamsindikiza Madam mpaka njia panda. Walipofika, akamshika mkono.

"Mwalimu, kakwambia, eeh?"

Madam akageuza uso, akatazama njia.

"Najua anajua. Ule uji wa shule kila siku anaumimina kwenye mgomba. Mgomba ule ule, siyo mwingine. Nani kamwonyesha?" Akakaza khanga kiunoni. "Usimwambie kwamba najua. Akijua nalia peke yangu, ataacha kula tena. Huyu ndiye niliyebaki naye."

Madam alinisimulia haya asubuhi yake, chai imepoa mbele yake. Aliapa mara mbili siku moja, nyumba moja, siri moja. Mama analinda mtoto, mtoto analinda mama, na kila mmoja anaumia chumba chake.

Ndugu zangu, somo nililolipata ni hili: kitu ukikiona hakina mwenyewe, uliza kabla hujakigawa. Kuna waliobakiwa na kikombe tu cha huyo mwenyewe.

Jumatatu Bukuru alikuja. Alipofika kwenye sufuria alitoa kikombe kimoja, kile cha njano kakificha kwenye begi, anaogopa.

Madam Loyce ndiye alikuwa na upawa.

"Na cha mdogo wako kiko wapi?" akamuuliza. "Kilete, uji usije ukaisha."