Mama Adolphine na Tanuru Asiloliona

Vitabu vitano vya historia kwa watoto vimeandikiwa kwenye meza ya kulia chakula huko Dilala, Kolwezi. Mwandishi wake, Adolphine Kalumba, hana meza nyingine. Mgeni akija, karatasi zinahamia kitandani.

Alizaliwa Musonoi, kando ya shimo la mgodi, akafundisha shule ya msingi hadi akaota mvi. Alianza kuandika baada ya kuuliza darasa ni nani aliyeanza kutoa shaba katika nchi hii. Darasa zima lilitaja kampuni. Wengi wao walikuwa wa ukoo wa mafundi walioyeyusha shaba kabla kampuni yoyote haijafika.

Kitabu cha tano, kuhusu mafundi hao, nusura kimshinde. Habari za tanuru lao alizijua Tata Godefroid peke yake, fundi umeme mstaafu aliyesimuliwa na babu yake, naye alikataa kuzitoa. Bila yeye kitabu kingekufa, maana Adolphine habuni kazi ya mikono ya watu waliokuwapo kweli.

"Banamuke habakufikaka pa moto," mzee alimwambia, akimaanisha kuwa wanawake hawakukaribia moto wa tanuru. "Shaba ingekataa kutoka."

"Sawa, tata. Lakini bale bafundi balikulaka nini? Nani alibapikiaka?"

Godefroid alicheka. "We mama ni mubaya! Banamuke balileta bukari, baliacha ku lupango, balikaa na kugeuza mugongo."

"Basi na mi nitageuza mugongo."

Kesho yake aliweka sufuria ya bukari, ugali wa kwao, mlangoni kwa mzee, akaketi nje ya lupango, ua wa nyumba, uso barabarani, pikipiki za teksi zikimpita. Ndani, Godefroid aliwasimulia wajukuu wake, kwa sauti kubwa kuliko walivyoihitaji.

Sura aliyoiandika kutokana na siku hiyo nimeisoma mara nyingi. Hakuna anayeona kitu. Msichana ameketi nje ya ua, bukari inapoa; anasikia mivukuto ikihema, wanaume wakinyamaza ghafla, udongo wa tanuru ukipasuka, shaba ikitiririka. Sijawahi kusoma moto ulioandikwa hivyo.

Jémima, mjukuu wa Godefroid, alimsomea mzee sura yote.

"Huyu mama alichungulia ile siku," mzee alisema.

"Hapana, nkambo. Tulikuwa tunamuangalia ku mulango. Hakugeuka hata kidogo."



"Rudilia pale shaba inatoka," mzee alisema, akafumba macho.