Visu Kumi na Kimoja Walivyonivunjia

Visu vyangu kumi na kimoja vya kwanza vilivunjwa na watu ninaowapenda. Nimevihesabu mara mbili, ni kumi na kimoja. Cha kumi na mbili nitakieleza zamu yake ikifika.

Kabla ya hapo nilikuwa mchuuzi. Nilinunua visu na mundu kwenye kiwanda kimoja cha wahunzi pale Kilwa, nikavifunga guniani, nikavitembeza kuanzia Kiranjeranje mpaka Lindi. Wakati huo Mwingereza ndiye aliyeshika nchi, na madukani kulikuwa na visu vya Ulaya vyenye mipini myeupe. Kila nilipokwenda kununua niliwatajia wahunzi hivyo visu vya Ulaya ili bei ishuke, na ilishuka. Siku moja nikapitiliza. Nikamwambia mzee mwenye kiwanda, Mmatumbi mfupi ambaye nyusi zake zilikwisha kuungua zote, "Mzee wangu, kisu si moto tu na nyundo? Makaa umechoma mwenyewe, na nyundo unayo."

Hakukasirika. Alisogea kando, akaniachia nafasi mbele ya lile pande la chuma la kufulia.

"Karibu," akasema. "Moto ule, nyundo hii. Nitengenezee cha bei yako."

Nilikuwa mtu mzima, nina mke, watoto wawili na ndevu. Nilishika nyundo kwa sababu niliona haya kuiacha. Nilichokitoa siku hiyo sikihesabu katika vile kumi na kimoja, maana hakikuwa kisu, kilifanana na dagaa aliyekanyagwa. Lakini mikono ilipoacha kuuma niligundua kwamba nataka kukifanya tena, vizuri zaidi. Nikarudi, nikamwamkia mzee shikamoo kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia kwenye biashara, nikamwomba anifundishe. Mke wangu aliposikia aliuliza kama nimepigwa na jua njiani.

Kiwanda kile kilikuwa na desturi yake. Kila fundi alikuwa na tupa zake na mtungi wake wa maji ya kunyweshea chuma, yaani ya kukichovya kikiwa kingali chekundu ili kikaze. Kila Alhamisi baada ya alasiri, kila mmoja aliweka mkekani kisu kimoja alichokimaliza wiki ile, na mwenzake akakichukua ajaribu kukivunja. Hawakuwa wakicheza. Alikichomeka kwenye ufa wa gogo akakipinda, kisha akakipiga mapigo kumi na mawili juu ya kigogo cha mpingo. Kikisalimika, mzee alikigonga alama ya aliyekitengeneza na kikaruhusiwa kuuzwa. Kikivunjika, aliyekivunja aliokota vipande, akamkabidhi mwenyewe kwa mikono miwili na kumwambia, "Pole. Lakini afadhali mimi."

Afadhali kimvunjikie yeye kuliko mkulima aliye peke yake porini, au mama mwenye mtoto mgongoni na kuni mkononi. Nilielewa hivyo baadaye. Mwanzoni nilisikia "pole" tu, na niliichukia.

Visu vyangu alivivunja zaidi Mmwera mmoja wa Nyangamara, Mkatoliki, mrefu kama nguzo ya simu, rika langu. Yeye aliniita Tajiri kwa sababu ya ule uchuuzi. Mimi nilimwita Padri, ingawa alikuwa na mke na watoto wanne.

"Tajiri, leo umeleta kisu au umeleta biskuti?"

"Kipige kwanza, Padri. Maneno utayahubiri Jumapili."

Alikipiga. Kikakatika pigo la tatu. Wiki iliyofuata la tano, nikafurahi. Iliyofuata tena la pili. Kila mara alivigeuza vipande juani, akaniita tutazame pamoja pale palipokatika. Hakukosa hata mara moja. Mzee alinirekebishia moto. Mwingine, fundi wa mipini ambaye hakuwa msemaji, aliniachia springi nzuri ya lori aliyoipata barabara ya Nachingwea, akidai eti inamzibia nafasi. Walinipa saa zao na chuma chao, na mimi niliyezoea kuuliza bei ya kila kitu sikujua niulize nini.

Kilichonitia kwenye shida ni mdomo. Zilipobaki wiki chache kufika Idi ya Mfungo Tatu nilikutana na mchinjaji wa sokoni, mtu mkali ambaye kisu akikipitisha juu ya ukucha wake huona pengo ambalo wewe hulioni mchana kweupe. Nilimwahidi kisu kipya cha kuchinjia, chenye alama yangu. Alama sikuwa nayo.

Mzee alisikia habari hiyo kabla sijarudi kiwandani.

"Mdomo wako umepokea kazi," akasema, "basi mikono yako ndiyo itakayoifanya. Mimi sitakufanyia, na hawa hawatakufanyia. Kisipopita mkekani Alhamisi ya mwisho, mchinjaji atanunua cha Ulaya na atakuwa na haki. Na wewe utarudi kwenye gunia lako. Hatutagombana. Tutakuuzia kama zamani."

Hiyo "kama zamani" ndiyo iliyoniuma. Sikutaka tena kusimama upande wa mnunuzi.

Alhamisi ya kabla ya mwisho niliweka mkekani kisu cha mchinjaji. Kilikuwa kirefu, kimenyooka, nimekinoa mpaka kinanyoa nywele za mkono. Padri alikipinda, kikarudi. Mzee akainua pale palipokuwa na nyusi zake. Pigo la kwanza, la nne, la nane. Nilikuwa nahesabu kwa sauti bila kujijua. La tisa kikalia mlio wa kikombe kinachopasuka.

"Pole," akasema Padri, na safari hii hakutania. "Lakini afadhali mimi."

Hicho ndicho cha kumi na moja. Niliketi. Padri naye alikuwa amechoka, koo limejaa vumbi la makaa, akanyoosha mkono kwenye mtungi uliokuwa karibu, ambao ulikuwa wangu, akachota kata moja asukutue. Akayatema mpaka kwenye mivukuto ya kupulizia moto.

"We! Hii nini?"

"Maji."

"Maji gani? Tajiri, unanywesha chuma bahari?"

Kiwanda kizima kikageuka. Mzee akaja, akachovya kidole, akalamba, akanitazama.

"Umeyateka wapi?"

Ilinibidi niseme. Mafundi wote walichota kisima cha juu, kule mashambani, mwendo wa saa nzima kwenda. Mimi nilipata kisima karibu na pwani, hatua mia moja na kumi na nne kutoka mlangoni. Nilizihesabu kwenda, nikazihesabu kurudi. Maji yake yana chumvi kidogo, hata mbuzi huyanywa kwa kulalamika, lakini nilijiambia kwamba chuma hakina ulimi.

"Maji ya chumvi yana pupa," mzee akasema. "Yanakipoza chuma kwa kishindo, kinapata ufa mwembamba kama unywele, ndani, huuoni. Mimi nimetazama moto wako, nikatazama nyundo yako, nikatazama hata chuma chako. Maji sikuyatazama. Ningewazaje kwamba mtu atajipunja mwenyewe?"

Walicheka mpaka fundi wa mipini asiyesema akasema, "Kumi na kimoja!" na kicheko kikaanza upya. Nilicheka nao, kwa kuchelewa kidogo.

Kesho yake alfajiri, kabla sijamaliza kufunga viatu, nilimkuta Padri mlangoni kwangu na madebe mawili matupu.

"Mzee amesema hamtanifanyia," nikamwambia.

"Amesema hatutakufulia chuma. Kuchota maji hakutaja. Twende, na ukianza kuhesabu hatua nakuacha njiani."

Kwenda na kurudi alinikejeli. Aliniuliza kama mke wangu naye nimempata kwa sababu kwao ni karibu. Debe lake hakulimwaga hata tone. Langu lilipungua vidole viwili.

Kisu cha kumi na mbili nilikinywesha maji hayo, yakiwa yamepashwa moto kidogo kama mzee alivyonifundisha, kisha nikakirudishia moto wa taratibu. Alhamisi ya mwisho Padri alikipinda, kikarudi. Akakipiga kumi na mawili, bila huruma, namshuhudia. Kikatulia mkononi mwake. Watu wakaanza kusema mashallah.

"Rudia," nikasema.

"Nini?"

"Hesabu tena. Kumi na mawili mengine."

Akamtazama mzee. Mzee akatikisa kichwa kukubali. Akakipiga tena kumi na mawili, mpingo ukatoa vumbi jeusi, na kisu kikabaki kisu. Mzee hakunisifu. Aliingia ndani, akatoka na msumari mfupi wa chuma kigumu, akauliza nataka alama gani. Nikamwambia nukta mbili. Akagonga ya kwanza, akanipa nyundo nigonge ya pili.

Mchinjaji alikipitisha juu ya ukucha wake huku na huku, akasema mpini umezidi urefu, akakichukua. Sikurudi kwenye gunia.

Vipande vya vile visu kumi na kimoja nimeviweka kwenye kopo la biskuti. Kila kisu kilikatika mara moja, kwa hiyo vilipaswa kuwa ishirini na viwili. Viko ishirini na kimoja. Kwa miaka mingi nilidhani nimepoteza kimoja, jambo ambalo si desturi yangu. Mzee amekwisha kufariki, Mungu amrehemu, na Padri alirudi kwao. Nilipokwenda Nyangamara kumtazama nilimkuta mkewe anamenya mihogo kwa kisu kidogo chenye mgongo nilioufahamu. Ni ncha ya kile cha kumi na moja. Padri aliiokota siku ile, akaipasha moto upya, akainywesha maji ya kisima cha juu, akaitia mpini.

Nikamwambia Padri nakitaka. Akataja bei. Nikamwambia ghali.

"Basi kiache, Tajiri."

Nikakiacha. Ishirini na kimoja viko kwangu, na kimoja kiko Nyangamara kinamenya mihogo.